Bata wa Kikantoni na aiskrimu ya kusukwa: Mapishi mawili yanayoipa San Francisco sifa

MKENYA aliyezoea kuchagua kipande cha mbuzi kwenye kulabu za bucha kabla ya kukipeleka jikoni kuchomwa hatatatizika kuielewa desturi ya maduka ya nyama ya Kikantoni jijini San Francisco, jimbo la California, nchini Marekani.

Huko pia nyama huning'inizwa dirishani mteja akiiona. Tofauti ni kwamba bata, mbavu na vipande vya nguruwe vinavyometameta nyuma ya kioo vimekwisha kuokwa tangu asubuhi. Kazi ya mteja ni kunyoosha kidole, kutaja kiasi anachotaka na kusubiri mlio wa kisu kipana kikigonga gogo.

Baada ya mlo huo, wakazi wengi wa jiji hilo hutembea hatua chache kutafuta aiskrimu. Si ile ya viwandani inayouzwa katika maduka makuu, bali ile inayosukwa kwa mafungu madogo katika chumba cha nyuma cha duka linaloiuza.

Vyakula hivi viwili vina asili tofauti kabisa. Kimoja kililetwa na wahamiaji kutoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, na kingine kilikuzwa na wafugaji na wafanyabiashara wa Marekani. Hata hivyo, vyote viwili vinategemea kitu kimoja: mikono ya mtu anayeijua kazi yake na aliye radhi kuifanya polepole. Nyakati hizi, mikono ya aina hiyo inazidi kuadimika.

Maana ya siu mei

Jina la jumla la nyama hizi kwa lugha ya Kikantoni ni siu mei, yaani vitoweo vya kuokwa. Chini ya jina hilo mna aina kadhaa, na ni vyema mgeni azifahamu kabla ya kusimama kwenye foleni, kwa sababu muuzaji huwa hana muda mrefu wa maelezo.

Ya kwanza ni char siu. Hii ni nyama ya nguruwe, aghalabu ya bega au shingo, iliyokatwa vipande virefu na kulowekwa katika mchanganyiko wa sosi ya soya, sukari, viungo na mara nyingi tofu nyekundu iliyochachushwa. Maneno hayo mawili yana maana ya kuokwa kwenye uma, kwani hapo kale vipande hivyo vilichomekwa kwenye vyuma na kuelekezwa motoni. Siku hizi vinatundikwa kwa kulabu ndani ya tanuri, kisha vinapakwa shira nzito ya kimea ili ving'ae.

Ya pili ni siu yuk, yaani nyama ya tumbo la nguruwe iliyookwa pamoja na ngozi yake. Mpishi huipaka nyama chumvi na viungo upande wa ndani, lakini ngozi huiacha ikauke kabisa. Kisha huidunga ngozi hiyo matundu mengi kwa sindano ili mafuta yapate njia ya kutoka. Ikikutana na moto mkali, ngozi huumuka na kuwa kavu kama bisi, ikavunjika kwa sauti inapotafunwa.

Ya tatu, na ambayo huenda ndiyo mashuhuri zaidi, ni siu ngaap, bata wa kuokwa. Mjini Hong Kong, bata bukini ndiye hupewa nafasi ya kwanza. Nchini Marekani bukini ni adimu na bei yake ni ghali, hivyo basi bata wa kawaida amechukua nafasi hiyo.

Pembeni mwa nyama hizi huuzwa pia kuku wa aina mbili ambao hawaokwi: kuku aliyepikwa katika sosi ya soya hadi akawa na rangi ya kahawia, na kuku mweupe aliyechemshwa kwa moto mdogo na kuliwa kwa tangawizi na vitunguu vya majani vilivyopondwa pamoja na mafuta. Wateja wengi huwajumuisha katika sahani moja na nyama za tanuri.

Jinsi bata anavyotayarishwa

Mteja anayelipia nusu ya bata huona kazi ya dakika mbili tu, ile ya kumkatakata. Asichokiona ni kazi iliyoanza siku moja kabla.

Kwanza, mpishi hupuliza hewa kati ya ngozi na nyama hadi bata akavimba. Lengo ni kuitenganisha ngozi na mafuta yaliyo chini yake, ili mafuta hayo yayeyuke na kutiririka wakati wa kuokwa, na ngozi ibaki nyembamba na kavu.

Pili, tumbo la bata hujazwa mchuzi wa viungo. Humo huingia sosi ya soya, sukari, chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na unga wa viungo vitano, ambao kwa kawaida huwa na anisi ya nyota, mdalasini, karafuu, shamari na pilipili ya Sichuan. Baada ya hapo tumbo hufungwa kwa sindano ndefu ya chuma. Hivyo nyama huiva kutoka ndani kwa mvuke wa mchuzi wake, huku ngozi ikiokwa na joto la nje.

Tatu, bata humwagiwa maji yanayochemka ili ngozi ikazike. Kisha hupakwa siki iliyochanganywa na shira ya kimea na kutundikwa mahali penye upepo kwa saa nyingi. Hatua hii ndiyo inayowashinda wapishi wenye pupa. Bata asiyekauka vizuri hutoka tanurini akiwa na ngozi laini kama ya kuku wa kuchemshwa.

Ndipo anapoingia tanurini, akining'inia wima ndani ya pipa la chuma. Kwa muda wa karibu saa moja mpishi huchungulia, huongeza au kupunguza moto, na kumgeuza bata aliye karibu mno na ndimi za moto.

Watu wengi humchanganya bata huyu na yule wa Beijing. Hao ni wawili tofauti. Bata wa Beijing husifiwa kwa ngozi yake, ambayo huchanwa mezani na kufungwa ndani ya chapati nyembamba. Wa Kikantoni hukatwa pamoja na mifupa yake, akamwagiwa mchuzi uliokuwa tumboni na kuliwa kwa wali. Sosi tamu ya plamu huwekwa kando kwa anayetaka.

Safari kutoka Guangdong

Mapenzi ya watu wa kusini mwa China kwa nyama ya kuokwa si ya jana. Mnamo 1983, wajenzi waliokuwa wakichimba msingi katika jiji la Guangzhou waligundua kaburi la Zhao Mo, mfalme wa dola ya Nanyue aliyetawala zaidi ya miaka 2,100 iliyopita. Miongoni mwa vitu alivyozikwa navyo mlikuwamo majiko ya shaba ya kubanikia nyama pamoja na vifaa vyake.

Ustadi huo ulivuka bahari ya Pasifiki katika karne ya 19. Dhahabu ilipogunduliwa California mwaka wa 1848, maelfu ya wanaume kutoka Guangdong walisafiri kuitafuta. Wengi wao walitoka katika wilaya chache tu za mkoa huo, hususan Taishan na jirani zake. Kufikia 1849 San Francisco tayari ilikuwa na Canton Restaurant, ambayo hutajwa mara nyingi kuwa mkahawa wa kwanza wa Kichina nchini Marekani.

Ukarimu wa wenyeji haukudumu. Mnamo 1882 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini humo, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943. Wafanyabiashara, hata hivyo, waliruhusiwa kusafiri. Mnamo 1915 mahakama iliamua kwamba wenye mikahawa nao wangeweza kuhesabiwa miongoni mwa wafanyabiashara, na uamuzi huo ukawapa Wachina wengi sababu ya kuwekeza katika biashara ya chakula.

Kwa hivyo, wingi wa mikahawa ya Kichina katika miji ya Marekani hautokani na upishi peke yake. Ni matokeo ya sheria pia: mlango wa mkahawa ulikuwa miongoni mwa milango michache iliyoachwa wazi.

Mtaa wa Wachina jijini San Francisco, Chinatown, uliteketea katika tetemeko la ardhi na moto wa Aprili 1906. Baadhi ya viongozi wa jiji walitaka Wachina wahamishiwe pembezoni, lakini wenyewe walikataa na kujenga upya palepale. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1965 kulegeza masharti, familia nyingi ziliwasili kutoka Hong Kong. Pamoja nazo walikuja wapishi waliofunzwa kazi ya tanuri tangu ujana.

Leo mtu anayetafuta siu mei si lazima aende Chinatown, ingawa Barabara ya Stockton mtaani humo ingali na shughuli nyingi. Barabara ya Clement katika mtaa wa Richmond, pamoja na zile za Irving na Noriega katika mtaa wa Sunset, nazo zina madirisha yenye bata wanaoning'inia.

Kitoweo cha furaha na cha makaburini

Nyama hizi si chakula cha mchana tu. Nguruwe mzima aliyeokwa hadi ngozi ikawa na rangi ya dhahabu hutolewa katika harusi, katika ufunguzi wa biashara mpya na katika sherehe za mwaka mpya wa Kichina.

Aidha, kila ifikapo mapema mwezi wa Aprili, wakati wa siku ya Qingming, familia za Wachina wa San Francisco huelekea katika makaburi ya Colma, mji mdogo ulio kusini mwa jiji hilo. Huko husafisha makaburi ya wazee wao, hufukiza ubani na kuwaandalia marehemu chakula, pamoja na nguruwe wa kuokwa. Baada ya ibada, walio hai hugawana nyama hiyo.

Mwenye duka la siu mei, basi, si muuza nyama pekee. Akifunga tanuri lake kwa kukosa mrithi, wateja wake hupoteza pia mtu waliyemtegemea katika ndoa na mazishi.

Sheria iliyomwokoa bata

Hatari kubwa kuliko zote zilizowahi kuyakabili maduka haya katika jimbo la California haikutoka kwa washindani wao. Ilitoka kwa maafisa wa afya.

Kanuni za usalama wa chakula nchini Marekani hutaka nyama iliyopikwa iwekwe ama kwenye baridi, ama kwenye joto la kutosha kuzuia bakteria wasizaane. Kwa viwango vya sasa vya California, baridi ni nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, nalo joto ni nyuzi 57 au zaidi. Bata anayening'inia dirishani hayuko katika baridi hiyo wala katika joto hilo.

Kwa wapishi wa Kikantoni, amri ya kumweka bata katika jokofu ilikuwa sawa na amri ya kumharibu. Ngozi iliyokaushwa usiku kucha ingelainika kwa muda mfupi. Kumweka katika kabati la joto nako kungeikausha nyama. Isitoshe, wateja wao walikuwa wamemla bata wa dirishani vizazi na vizazi.

Mnamo 1982 jimbo hilo lilipitisha sheria iliyomruhusu bata wa kuokwa wa Kichina kukaa nje ya jokofu. Sheria hiyo haikufumbia macho usafi. Inataja hatua kwa hatua jinsi bata anavyopaswa kutayarishwa: tumbo lisafishwe, alowekwe viungo, tumbo lifungwe kabla ya kupikwa, kisha aokwe katika joto lisilopungua nyuzi 350 za Farenhaiti, sawa na takriban 177 za Selsiasi, kwa muda usiopungua dakika 60. Akitimiza hayo, na maadamu angali mzima, anaruhusiwa kukaa nje kwa saa 4.

Sababu imeandikwa ndani ya sheria yenyewe: mbinu hiyo ya upishi huzuia vijidudu kukua. Yaani chumvi, sukari, ukavu wa ngozi na ukali wa moto, mambo ambayo wapishi waliyarithi bila kuwahi kuona darubini, yalikubaliwa kuwa kinga inayoeleweka kisayansi.

Msamaha huo unamhusu bata. Hauhusu kila kitu kilicho dirishani, na mteja makini hufanya vyema kuchunguza kama duka linauza nyama zake haraka na kuokea mpya mchana. Hata hivyo, uamuzi wa 1982 ulifungua njia. Mnamo 2001 California ilipitisha sheria nyingine kuhusu keki za wali za Kikorea, ambazo nazo huharibika utamu zinapotiwa kwenye jokofu.

Hapa pana funzo kwa kila nchi yenye vyakula vya kiasili. Afisa wa afya ana haki ya kuuliza maswali, naye mpishi ana haki ya kuthibitisha kwamba mbinu yake ina majibu. Pande mbili zikisikilizana, mlaji hulindwa pasipo mila kuzikwa.

Namna ya kuagiza

Maduka mengi ya siu mei huuza nyama kwa uzani, au kwa bata mzima, nusu na robo. Anayetaka mlo kamili huagiza sahani ya wali yenye nyama ya aina moja au mbili, mboga za majani kidogo na mchuzi juu yake.

Wazoefu hufika kabla ya saa sita mchana, nyama za kwanza zinapotoka tanurini. Anayefika jioni huenda akakuta kulabu tupu. Kwa char siu, ni kawaida kumwambia muuzaji kama unapenda mnofu mtupu au wenye mafuta kidogo, na wajuzi husema kwamba bila mafuta hayo nyama hukauka. Kwa bata, nusu ya chini ina paja lenye majimaji zaidi, ilhali ya juu ina kidari.

Kuna tahadhari kwa Waislamu na wengine wasiokula nguruwe. Hata anayeagiza bata au kuku peke yake anapaswa kukumbuka kwamba kisu na gogo la kukatia huwa ni vile vile vilivyokata nguruwe, na kwamba baadhi ya wapishi hutia mvinyo wa mchele katika viungo. Ni bora kuuliza mapema, au kutafuta mkahawa unaojitambulisha kuwa wa halali.

Baada ya mafuta, baridi

Mtu aliyekula siu yuk hahitaji kushawishiwa sana kutafuta kitu baridi. San Francisco ina maduka ya aiskrimu yenye historia ndefu. Earle Swensen alifungua lake mnamo 1948 katika mtaa wa Russian Hill, na jina lake baadaye likaenea katika nchi nyingi, hususan za Asia. Duka la Mitchell's lilifunguliwa na ndugu wawili mnamo 1953. Polly Ann, lililoko Barabara ya Noriega, lilianza miaka ya 1950 pia.

Kizazi kipya kilifuata. Bi-Rite Creamery ilifunguliwa mnamo 2006 na kupata sifa kwa aiskrimu yake ya karameli iliyotiwa chumvi. Humphry Slocombe ilifuata mnamo 2008, ikajulikana kwa ladha za kushangaza, mojawapo ikiwa na wiski ya Marekani na vipande vya mahindi vya kifungua kinywa. Asiyetumia pombe afadhali aulize kabla ya kuonja.

Neno linalotumiwa kuzisifu aiskrimu hizi, kwamba ni za mafundi wa mkono, halina kiwango cha kisheria nchini Marekani. Yeyote anaweza kulibandika kwenye kopo lake. Kilicho na kiwango ni aiskrimu yenyewe: sheria hutaka iwe na angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa, na galoni moja isipungue ratili 4.5 kwa uzito.

Kipimo hicho cha pili kina siri kubwa. Kikigeuzwa, ni kama gramu 540 kwa lita. Kwa maneno mengine, aiskrimu ya bei nafuu inaweza kuwa na hewa inayokaribia nusu ya ujazo wake na bado ikawa halali. Mteja hudhani amenunua lita nzima ya maziwa matamu, kumbe nusu ni pumzi.

Maduka ya mafundi hupunguza hewa hiyo na kuongeza malai. Ndiyo maana kijiko cha aiskrimu yao huwa kizito mkononi, na bei yake pia ni nzito mfukoni. Njia rahisi ya kulinganisha makopo mawili yenye ujazo sawa ni kuyapima uzito.

Utaalamu mwingine uko katika barafu. Aiskrimu laini ni ile ambayo chembe zake za barafu ni ndogo mno kiasi cha ulimi kushindwa kuzitambua. Ili kuzipata, mchanganyiko lazima ugandishwe haraka huku ukisukwa bila kukoma. Ikiyeyuka kidogo kisha ikagandishwa tena, chembe hukua na mlaji huhisi mchanga kinywani. Hii ndiyo sababu kopo lililochukua muda mrefu njiani haliwi tena kama lilivyokuwa dukani.

Kanuni ya msingi haijabadilika sana tangu Nancy Johnson wa Marekani alipopata hataza ya mashine ya aiskrimu ya kuzungushwa kwa mkono mnamo 1843. Barafu na chumvi huwekwa nje ya ndoo, maziwa ndani, na ubapa huzunguka ukikwangua kinachoganda ukutani. Mashine za leo hutumia umeme na gesi za kupozea, lakini bado hukwangua vivyo hivyo.

Doriani, nduma na dafu

Mahali ambapo historia mbili hizi zinakutana ni katika ladha. Wakazi wa San Francisco wenye asili ya Asia hawakuridhika na vanila na chokoleti pekee, na wenye maduka waliwasikia.

Mitchell's ilianza kuuza aiskrimu ya maembe kutoka Ufilipino katika miaka ya 1960. Baadaye ikaongeza dafu, fenesi, avokado na kiazi kikuu cha rangi ya zambarau. Polly Ann nayo huuza doriani, nduma na maharagwe mekundu sambamba na ladha za Kimarekani. Kwa msomaji wa Pwani, orodha hiyo inasikika kama ya sokoni kwao: fenesi na dafu havihitaji kuelezwa Mombasa, na doriani hufahamika vyema Zanzibar, kwa utamu wake na kwa harufu yake inayogawanya familia.

Lipo jambo moja la kimaumbile la kuzingatiwa. Watu wazima wengi wenye asili ya Asia Mashariki hawawezi kumeng'enya kikamilifu sukari ya maziwa, na wakila aiskrimu hupata gesi au kuumwa na tumbo. Hali hiyo si ugonjwa. Ndiyo hali ya binadamu walio wengi duniani baada ya utotoni.

Waliozoea maziwa ukubwani ni jamii zilizofuga ng'ombe kwa maelfu ya miaka. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mnamo 2007 ulionyesha kwamba wafugaji wa Kenya, Tanzania na Sudan walipata uwezo huo kupitia mabadiliko yao wenyewe ya jeni, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa asiye na uwezo huo, maduka mengi ya San Francisco huuza sharubati za matunda zilizogandishwa na aiskrimu za tui la nazi.

Mustakabali wa mafundi

Mnamo Machi 2020, janga la virusi vya corona lilipozuka, mikahawa ya San Francisco ilikatazwa kuwahudumia wateja ndani. Chinatown, iliyotegemea watalii na karamu kubwa, iliumia mno. Maduka ya siu mei yalikuwa na nafuu moja: tangu zamani sehemu kubwa ya biashara yao ilikuwa ya kufungasha.

Kinachoyatisha zaidi sasa ni umri. Kazi ya tanuri huanza alfajiri, ina joto kali na hufunzwa kwa miaka mingi ya kusimama kando ya fundi. Watoto wa wapishi waliopelekwa vyuo vikuu kwa faida ya bata hao hao mara nyingi huchagua ofisi. Mzazi hawezi kuwalaumu, maana aliokea bata usiku na mchana ili wao wasilazimike kufanya hivyo.

Mafundi wa aiskrimu nao wanabanwa na bei ya maziwa, kodi za majengo na ushindani wa makopo yaliyojaa hewa. Silaha yao pekee ni mteja anayeonja na kutambua tofauti.

Kwa sababu hiyo, mlo wa jioni moja jijini humo si starehe tupu. Anayelipia robo ya bata katika Barabara ya Noriega, kisha akavuka vitalu kadhaa kuonja doriani iliyogandishwa, humpa fundi mmoja sababu ya kuliwasha tanuri kesho, na mwingine sababu ya kuisafisha mashine yake na kuanza fungu jipya.